Haki na Wajibu wa Mwalimu katika Skuli za Kiislamu za Bweni

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim

Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baad:

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, familia kadhaa za Unguja na Pemba hujitayarisha kwa safari ya Bara. Hununuliwa sanduku la chuma, godoro, shuka, ndoo na madaftari, na msahafu hutiwa juu kabisa. Boti huvusha hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo safari huendelea kwa basi au, tangu Juni 2024, kwa treni ya umeme inayofika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Mtoto huachwa chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo baridi ya alfajiri si ile aliyoizoea visiwani, na wazee wake hurejea nyumbani. Kuanzia usiku ule, anayejua kama mtoto ameswali, amekula, ana homa au analia chini ya shuka si baba wala mama. Ni mwalimu.

Kwa hiyo, mzee anapochagua skuli ya bweni kwa hakika anachagua walimu. Majengo, sare na matokeo ya mitihani huonekana kwa urahisi. Jambo lisiloonekana kwa urahisi ni kama mwalimu aliyempokea mtoto Januari atakuwepo Juni, na kama atakuwepo kwa moyo wake au kwa mwili wake tu. Katika makala hii tunaeleza nini kinamfanya mwalimu ashikamane na kazi yake, sharia ya Kiislamu inasema nini kuhusu haki zake, na nini wajibu wa skuli, wa mwalimu mwenyewe na wa wazee.

Kauli yetu kwa ufupi ni hii: ikhlasi ni baina ya mwalimu na Mola wake, na hakuna mwenye haki ya kuigeuza kuwa sababu ya kumpunguzia ujira. Haki zake ziko shingoni mwetu sisi, wenye skuli na wazee. Anayetaka mwalimu wa kudumu na aanze na haki hizo.

Maana ya kushikamana na kazi

Wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza mwaka 1991 kuwa mtu hubaki katika kazi kwa sababu za aina tatu. Yupo anayebaki kwa kuwa anaipenda kazi na watu wake. Yupo anayebaki kwa hesabu, kwa kuwa akiondoka atapata hasara au hana pa kwenda. Na yupo anayebaki kwa kuona ni wajibu, kwamba si vyema kuwaacha waliomtegemea.

Mgawanyo huu unatusaidia kuziona skuli zetu vizuri. Nyingi zinategemea ile aina ya tatu peke yake. Mwalimu hukumbushwa kila mkutano kuwa kazi hii ni ibada na malipo yake yako kwa Allah. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mwalimu huyo anadaiwa kodi ya nyumba, ana mke anayekaribia kujifungua, na mshahara wa mwezi uliopita haujatoka. Anayekumbushwa wajibu wake kila siku na haki zake hazitajwi, mapenzi yake hupungua, halafu hesabu humpeleka kwengine.

Bweni katika historia ya Uislamu

Kuwakusanya wanafunzi wakakaa pamoja na mwalimu wao si jambo geni. Katika msikiti wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mjini Madina palikuwa na Suffa, sehemu yenye kivuli walipoishi Swahaba wasiokuwa na makazi wala jamaa pale mjini. Walisoma, walilishwa na waliangaliwa. Abu Hurayra (Radhiya Allaahu 'anhu) alikuwa miongoni mwao.

Ipo pia habari ya Malik bin al-Huwayrith (Radhiya Allaahu 'anhu) iliyopokewa na Bukhari. Yeye na vijana wenzake walikaa kwa Mtume siku ishirini hivi wakijifunza. Mtume alipohisi kuwa wamewakumbuka watu wao, aliwauliza waliowaacha nyumbani, kisha akawaamuru warejee na wakawafundishe waliyojifunza. Hapa pana somo kubwa kwa skuli ya bweni: mwalimu wa mwanzo wa umma huu alitambua upweke wa wanafunzi wake kabla wao hawajausema. Kazi kama hiyo haifanywi na mwalimu aliyechoka, wala na mgeni aliyeajiriwa wiki iliyopita kujaza nafasi ya aliyeondoka.

Baadaye elimu iliwekewa mali. Nidhamul-Mulk alijenga Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, na akaiwekea wakfu uliolipa walimu na kuwatunza wanafunzi. Imam al-Ghazali alifundisha hapo tangu 1091. Mwaka 1095 aliondoka ilhali hakukosa mshahara wala heshima, kwa sababu aliichunguza nia yake akaona haijasafika kwa ajili ya Allah. Basi mali peke yake haimbakishi mwalimu, kama ambavyo nia peke yake haimlishi. Katika mwambao wetu wenyewe, Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ulipokea wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Hali ilivyo Morogoro

Morogoro ni mji wa skuli. Kwa upande wa Waislamu, ipo Seminari ya Jabal Hira, na kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya mafunzo ya TANESCO, ambayo serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliwapa Waislamu. Chuo hicho kinatoa shahada za ualimu. Maana yake ni kwamba tatizo letu la leo si lile la wazee wetu. Wao walikosa Waislamu waliosomea ualimu. Sisi tunao, lakini hatukai nao.

Sababu ya wazi ni ajira za serikali. Zinapotangazwa, walimu wengi wa skuli binafsi huomba, na anayepata huondoka hata katikati ya muhula, wakati mwengine miezi michache kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Serikalini ana uhakika wa mshahara wa kila mwezi, pensheni, na anaweza kukopa benki akajenga. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta utulivu wa familia yake.

Mara nyingi watu hutuuliza mbona seminari za Kikatoliki zilizoko hapo hapo Morogoro hazisumbuki hivyo. Sehemu ya jibu ni kuwa wao wana mapadri na masista walioweka nadhiri ya kutooa na kutoolewa, na shirika ndilo linalowatunza mpaka uzeeni. Uislamu hauna utawa. Mwalimu wetu ataoa, atazaa, atawatunza wazee wake, na yote hayo ni Sunna. Hivyo tukitaka mtu akae nasi miaka ishirini, ni lazima tumtazame pamoja na nyumba yake yote.

Sababu nyengine ni uzito wa bweni lenyewe. Mwalimu wa skuli ya kutwa hufunga kazi mchana. Wa bweni huamsha watoto kabla ya Alfajiri, hufundisha hadi mchana, husimamia Qur-aan baada ya Alasiri na masomo ya usiku baada ya Isha, kisha hupita dakhalia kuhakikisha taa zimezimwa na wote wamo. Na jambo la usiku si la kupuuzwa. Septemba 2020 moto katika skuli ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, uliua watoto 10. Allah awarehemu na awape subira wazee wao. Msiba ule haukuwa wa kumtwisha mwalimu lawama, lakini umetukumbusha kuwa ulinzi wa dakhalia unahitaji watu wa kutosha, waliopumzika na waliofunzwa. Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazee wenye watoto wadogo walizingatie hilo.

Hukumu ya kulipwa kwa kufundisha dini

Wapo wanaodhani kuwa mwalimu wa Qur-aan hapaswi kudai mshahara. Wanaotilia nguvu kauli hii hutaja hadithi ya Ubada bin as-Samit (Radhiya Allaahu 'anhu), aliyepewa upinde na mtu aliyemfundisha, na Mtume akamtahadharisha. Wanavyuoni wamezungumzia isnadi yake, na wakasema pia kuwa Ubada alianza kazi ile kwa ajili ya Allah bila ya makubaliano ya ujira.

Kwa upande mwengine, Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (Radhiya Allaahu 'anhuma) kuwa Kitabu cha Allah ndicho chenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira. Madhehebu ya Imam Shafi'i, tunayoyafuata wengi visiwani, na ya Imam Malik, yanaruhusu. Wanavyuoni wa mwanzo wa Kihanafi walikataza, lakini waliokuja baadaye walitoa fatwa ya kuruhusu. Sababu waliyoitoa inatuhusu moja kwa moja: posho za walimu kutoka Baitul-Mal zilikatika, na waliogopa walimu wakienda kutafuta riziki, Qur-aan itakosa wa kuifundisha. Imepokewa pia kuwa zama za Umar bin al-Khattab (Radhiya Allaahu 'anhu) walikuwepo Madina walimu watatu wa watoto, kila mmoja akipewa dirhamu 15 kwa mwezi.

Hivyo ujira ni halali. Ukishakubaliwa, huwa ni deni. Katika hadithi Qudsi iliyomo katika Bukhari, Allah amewataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimlipe.

Haki za mwalimu juu ya skuli

1. Mkataba ulio wazi. Katika fiqhi, ijara haiswihi mpaka ujira na kazi, au muda wake, vijulikane. Kumwambia mwalimu "njoo tusaidiane, Allah ataleta" si mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Kazi za dakhalia ziandikwe humo, zisiongezwe baadaye kwa jina la kujitolea.

2. Mshahara kwa wakati. Mtume ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kwa tuliyoyasikia kwa walimu, kinachowavunja moyo zaidi ni mshahara usiojulikana siku yake, kuliko ule mdogo. Mdogo hupangiwa matumizi, usiojulikana haupangiki.

3. Michango ya hifadhi ya jamii. NSSF inataka asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mwalimu haizidi nusu yake. Kumkata mwalimu kisha kutoipeleka ni kula amana.

4. Mapumziko. Sheria hiyo imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na siku 84 za uzazi kwa mama. Kazi ya usiku ina nyongeza ya malipo. Salman (Radhiya Allaahu 'anhu) alimweleza Abu Dardaa kuwa Mola wake, nafsi yake na watu wake kila mmoja ana haki juu yake, na Mtume akamsadikisha. Njia nyepesi ni kuwatenga walezi wa dakhalia na walimu wa darasani, ili anayekesha usiku asisimamishwe ubaoni saa mbili asubuhi.

5. Makazi. Chumba kimoja pembeni ya dakhalia kinamtosha kijana aliyetoka chuo. Akioa, atapanga Kihonda au Bigwa, na nauli itaingia katika hesabu zake. Nyumba ndogo ya familia ndani ya eneo la skuli humbakisha mwalimu kuliko hotuba nyingi.

6. Kushauriwa. Shura ni amri ya Qur-aan. Mwalimu anayesikia kwa wanafunzi kuwa ratiba imebadilishwa hujiona kibarua. Anayeulizwa kabla huiona skuli ni yake.

7. Kujiendeleza. Aliyeingia na stashahada asaidiwe kufikia shahada, na aliyesoma dini tu asaidiwe kupata mafunzo ya ualimu. Visiwani tunacho Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kilichoanza Chukwani mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu. Skuli inaweza kumlipia mwalimu kwa makubaliano kuwa atatumikia muda maalumu baadaye.

Wajibu wa mwalimu

Haki hizi zina upande wa pili. Katika Suratul-Qaswas, binti wa yule mzee wa Madyan alimsifu Nabii Musa ('Alayhis Salaam) kwa nguvu na uaminifu, akaziona kuwa ndizo sifa za mtu bora wa kuajiriwa. Nguvu kwa mwalimu ni kulijua somo lake na kulitayarisha. Uaminifu ni kutunza wakati, kutunza siri za watoto, kutotumia mkono kwa hasira, na kutokaa faragha na mwanafunzi. Aliyeiona nia yake imechafuka aitengeneze kila siku, kwani hata al-Ghazali aliichunguza yake.

Na mkataba unamfunga yeye pia. Suratul-Maida imeanza kwa kuwaamuru waumini watimize ahadi na mikataba.

Wajibu wa wazee

Katika skuli nyingi za aina hii, mshahara wa mwalimu unatoka katika ada zetu. Mzee anayechelewesha ada ilhali anao uwezo anamchelewesha mwalimu anayemlea mtoto wake. Asiye na uwezo aiambie skuli mapema, wapangiane. Kunyamaza na kuzima simu si katika tabia za Muislamu.

Jambo la pili ni heshima. Mtoto akipiga simu kulalamika, tumsikilize, kwani malalamiko mengine ni ya kweli na mazito, na yanayohusu usalama wake hayasubiri. Lakini tusimtukane mwalimu mbele ya mtoto kabla ya kusikia upande wa pili.

La tatu ni kuuliza kabla ya kumsajili mtoto. Tunapendekeza maswali haya: Walimu wangapi walioanza mwaka jana bado wapo? Walimu wana mikataba ya maandishi? Nani analala dakhalia, na mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi? Mlezi wa usiku anafundisha asubuhi? Mlango wa dharura uko wapi, na ufunguo anao nani? Skuli nzuri haitachukia kuulizwa.

Wakfu: njia ya kudumu

Ada hupanda na kushuka pamoja na hali za watu. Penye wakfu mwalimu ana utulivu. Pondok Modern Gontor, skuli ya bweni iliyoanzishwa Jawa Mashariki nchini Indonesia mwaka 1926, ni mfano mzuri. Mwaka 1958 waasisi wake waliitoa wakfu kwa umma, ikawa si mali ya ukoo wao tena, na wahitimu wake hutumikia mwaka mmoja wakifundisha.

Sisi hatuanzi na sifuri. Mikarafuu na nyumba za wakfu tunazijua tangu kwa mababu. Upande wa mashariki wa Uluguru nako, maeneo ya Kinole na Matombo, hulimwa karafuu, mdalasini na pilipili manga. Shamba la viungo au nyumba ya kupangisha iliyowekwa wakfu kwa mishahara ya walimu wawili tu ni mwanzo mzuri. Lakini tahadhari: wakfu hauswihi ila kwa mali unayoimiliki kikamilifu. Kwa Waluguru, ardhi nyingi kwa asili ni ya ukoo kupitia upande wa mama, si ya mtu mmoja. Anayetaka kununua au kuweka wakfu huko ahakikishe wenye haki wote wameridhia, na hati ziandikwe.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali: Je, zaka inaweza kulipa mishahara ya walimu?
Jibu: Wanavyuoni walio wengi wanazuia zaka ndani ya makundi manane ya Suratut-Tawba, na mshahara si miongoni mwao. Mwalimu aliye fakiri au mwenye deni anaweza kupewa kwa sifa hiyo, bila ya kuhesabiwa kuwa ndio mshahara wake. Wapo wanavyuoni wa zama hizi, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi, waliopanua maana ya fii sabiilillaah. Lililo salama zaidi ni kutumia sadaka na wakfu.

Swali: Wazee hawajalipa ada. Je, skuli inaweza kuzuia mshahara?
Jibu: Hapana. Mwalimu alikubaliana na skuli, si na wazee. Skuli ikikosa kweli, imweleze, imuombe muda, na ideni liandikwe. Akiridhia ni hisani yake.

Swali: Mwalimu amepata ajira serikalini. Je, anapata dhambi akiondoka?
Jibu: Kutafuta riziki bora ni halali. Lililo haramu ni kuvunja mkataba na kuondoka bila ya taarifa. Atoe taarifa kwa mujibu wa mkataba wake. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Bara haishuki siku 28. Akabidhi kazi na rekodi za wanafunzi, na akiweza awamalizie mada walizokuwa nazo.

Swali: Mwalimu anayefundisha bila ya mshahara kwa hiari yake, ana haki gani?
Jibu: Ana malipo makubwa kwa Allah, inshaallah. Hata hivyo kujitolea ni hiari yake mwenyewe, hakulazimishwi wala hakudaiwi, na bado ana haki ya heshima, mapumziko na chakula cha skuli.

Tunamuomba Allah awalinde watoto wetu walio mbali na nyumbani, awabariki walimu wao katika riziki na nia, na atupe sisi wazee na wenye skuli uadilifu wa kutekeleza haki zao kabla ya Siku itakayolipiwa kila deni. Aamiin.

Wallaahu a'lam.